Jinsi ya kutengeneza fahirisi ya bei za mlaji na kupata mfumuko wa bei: mwongozo kwa anayeanza

Kila mwezi takwimu za mfumuko wa bei zinapotangazwa, maswali huwa yale yale. Mbona wanasema mfumuko umeshuka na bei hazijashuka? Bei hizo wanazitoa wapi? Inakuwaje kitu kimoja kipande kwa nusu nzima halafu tarakimu ya taifa iwe asilimia 4? Wanafunzi wa takwimu nao huja na swali lao: nikipewa rundo la bei, naanzia wapi? Mwongozo huu unakupitisha kwenye kazi yenyewe jinsi ofisi ya takwimu ya nchi inavyoifanya, kuanzia kikapu, yaani orodha ya vitu vinavyofuatiliwa bei, hadi tarakimu ya mwisho. Fungua lahajedwali uwe nayo mbele yako. Ukisoma tu bila kukokotoa, hatua ya 8 na ya 9 zitakupita.

Shika jambo moja kabla hatujaenda mbali. Fahirisi inapima badiliko la bei ya kitu kile kile kutoka kipindi kimoja hadi kingine, basi. Nchi yenye fahirisi ya 130 inaweza kuwa na maisha nafuu kuliko nchi yenye 115, kwa sababu tarakimu hizo zinaeleza tu kila moja imetoka wapi tangu mwaka wake wa kizio, yaani mwaka uliopewa thamani ya 100. Makosa mengi makubwa utakayoyakuta huko mbele yanatokana na kulinganisha vitu viwili tofauti bila kujua.

Unavyohitaji kabla ya kuanza

- Matokeo ya utafiti wa mapato na matumizi ya kaya. Bila haya huna uzito, na bila uzito huna fahirisi ya taifa.
- Uainishaji wa matumizi. Karibu nchi zote hutumia ule wa Umoja wa Mataifa uitwao COICOP. Toleo la 1999 lina mafungu makuu 12 ya matumizi ya kaya. La 2018 lina 13, baada ya bima na huduma za fedha kupewa fungu lake.
- Orodha ya maeneo na vituo vya kukusanyia bei: masoko, maduka, zahanati, shule, watoa huduma.
- Wadadisi waliofunzwa, wakiwa na madodoso au vishikwambi, na mizani ndogo ya kupimia.
- Kalenda ya mwaka mzima inayoonyesha siku za kukusanya bei na siku ya kutangaza.
- Daftari la maamuzi. Watu hulidharau hili, na mimi naliweka sawa na utafiti wa kaya. Kila kanuni iandikwe kabla bei hazijaingia, ili tarakimu ikitoka isiyopendeza asipatikane wa kuibadilisha kanuni.

Kama unajifunza tu, lahajedwali na bei za miezi miwili za vitu vichache zinatosha.

Hatua ya 1: Amua unampimia nani, na kipi kihesabiwe

Fahirisi ya mlaji inahusu matumizi ya kaya kwa mahitaji yake. Kodi ya ongezeko la thamani imo, kwa kuwa mnunuzi anailipa papo hapo anaponunua. Kodi ya mapato haimo. Akiba, hisa na marejesho ya mkopo havimo. Mashine aliyoinunua fundi kwa ajili ya karakana yake haimo pia, hata kama pesa imetoka mfuko ule ule wa nyumbani.

Panaposumbua hasa ni nyumba. Mpangaji hana shida: unachukua kodi ya pango anayolipa. Lakini anayeishi kwenye nyumba yake hulipa nini kila mwezi? Marekani, tangu 1983, hukadiria pango ambalo mwenye nyumba angelipa kama angekuwa mpangaji. Fahirisi ya pamoja ya Umoja wa Ulaya, inayotumiwa kulinganisha nchi wanachama, huziacha nje gharama za kumiliki nyumba. Njia zote mbili zina watetezi wenye hoja nzito. Ubaya ni kuweka mfumuko wa Marekani kando ya ule wa Ulaya na kusema huyu kamzidi yule, bila kujua kwamba nyumba imehesabiwa upande mmoja ikaachwa upande wa pili.

Hatua ya 2: Tafuta uzito wa kila fungu

Uzito ni sehemu ya matumizi yote ya kaya inayokwenda kwenye fungu fulani. Kati ya kila 100 zilizotumiwa, ngapi zilikwenda kwenye usafiri? Ngapi kwenye afya? Majibu yanatoka kwenye utafiti ambao kaya zilizochaguliwa huandika matumizi yao kwenye shajara, na kazi hiyo hutawanywa mwaka mzima ili misimu yote iguswe.

Usiyapokee majibu yote kama yalivyo. Inajulikana duniani kote kwamba watu wakijaza shajara hupunguza matumizi yao ya pombe na sigara. Linganisha na takwimu za ushuru, za mauzo na za akaunti za taifa, kisha rekebisha.

Jambo jingine linaloulizwa sana liko hapa. Uzito huhesabiwa kwa fedha, hivyo kaya inayotumia zaidi ina sauti kubwa zaidi ndani ya kikapu. Kaya maskini, ambayo sehemu kubwa ya pesa yake inaishia kwenye chakula, inaweza kuumia kuliko tarakimu ya taifa inavyoonyesha. Tarakimu hiyo haijakosewa. Imepimwa kwa ajili ya matumizi ya jumla ya nchi. Ofisi zinazoweza zitengeneze fahirisi za makundi ya kipato pia, na natamani zote zifanye hivyo.

Uzito huzeeka. Mwongozo wa kimataifa ni kuubadili angalau kila miaka 5. Marekani iliubadili kila baada ya miaka miwili hadi Januari 2023, ilipoanza kuubadili kila mwaka. Utafiti ukiwa wa miaka miwili nyuma, usogeze uzito kwa kuuzidisha na badiliko la bei lililotokea tangu hapo.

*Onyo:* ukisogeza, sogeza mafungu yote, kisha hakikisha jumla imerudi kuwa 100. Ukisogeza nusu ya kikapu umekiharibu chote.

Hatua ya 3: Chagua bidhaa na uzieleze hadi asiwepo wa kukosea

Huwezi kufuatilia kila kinachouzwa, kwa hiyo unachagua bidhaa wakilishi za kila fungu dogo: zinazonunuliwa sana na zenye dalili ya kuendelea kupatikana. Kisha unaziandikia maelezo. "Sabuni" peke yake haifai. Andika: sabuni ya unga ya kufulia, pakiti ya plastiki, gramu 500, chapa inayouzwa zaidi katika kituo hicho. Mdadisi wa leo akiugua, wa kesho aingie dukani na kunyoosha mkono kwenye pakiti ile ile.

Maelezo yakibana mno, bidhaa haitapatikana nusu ya vituo. Yakilegea mno, mwezi huu utapimwa kitu kimoja na mwezi ujao kingine. Mimi hupendelea maelezo ya taifa yawe mapana kidogo, halafu kila kituo kiwe na maelezo yake ya ndani: chapa, ukubwa, modeli.

Hatua ya 4: Chagua maeneo na vituo

Nenda watu wanakonunua: mijini na vijijini, sokoni na madukani, na mtandaoni kama wananunua huko. Bei zinazopangwa na mamlaka moja kwa nchi nzima, kama umeme au huduma za posta, zichukuliwe makao makuu kwa pamoja. Hakuna haja ya kutuma watu 50 wakaulize kitu kimoja.

Hatua ya 5: Kusanya bei

Mdadisi anarudi kituo kile kile, kipindi kile kile cha mwezi, na ikiwezekana siku ile ile ya wiki. Anajitambulisha, anakwenda kwenye rafu, anaishika pakiti mkononi. Kabla ya bei, anasoma uzito ulioandikwa. Hapa ndipo kazi nzima inapopona au kuharibika. Tuseme mwezi uliopita pakiti ilikuwa gramu 500 kwa 1,000. Leo bei ni 1,000, ila pakiti inasema gramu 450. Asiyesoma ataandika "haijabadilika". Aliyesoma atapata 2 kwa gramu kule na 2.22 kwa gramu huku: bei imepanda kwa asilimia 11.1.

Sokoni kuna kazi ya ziada. Bidhaa inauzwa kwa fungu au kwa kopo, na fungu la leo si lazima lilingane na la jana. Mdadisi ananunua mafungu mawili matatu, anayaweka kwenye mizani, anaandika bei na uzito, na ofisi inakokotoa bei kwa kilo. Mahali pa kupatana bei, achukue bei ambayo mnunuzi wa kawaida huishia kulipa. Bei ya kuanzia mazungumzo haina kazi hapa.

Punguzo linalotolewa kwa kila anayeingia linahesabiwa. Punguzo la wenye kadi maalumu au la bidhaa iliyokaribia kuharibika huachwa.

*Onyo:* kishikwambi kikionyesha bei ya mwezi uliopita, kuna kishawishi cha kuinakili na kwenda zake. Ofisi nyingine huificha bei hiyo na kuitumia tu kama kengele pale bei mpya inapopishana nayo sana. Naona hiyo ni njia bora.

Mwaka 2020, janga la Uviko lilipofunga maduka, nchi nyingi zilibadili ukusanyaji wa ana kwa ana kwa simu na intaneti. Nyingine, kama Uholanzi na Norwe, zilikuwa tayari zinapokea kumbukumbu za mauzo moja kwa moja kutoka mashine za malipo za maduka makubwa. Data hizo ni nyingi na ni nzuri, lakini zinahitaji fomula zake. Anayeanza asizikimbilie.

Hatua ya 6: Kagua, na ujaze mapengo

Weka kipimo: bei yoyote iliyopanda au kushuka zaidi ya kiwango fulani irudi kwa mdadisi. Ampigie mwenye duka au arudi. Bei ikithibitishwa, ibaki hata kama inatisha. Kufuta bei kwa sababu tu ni kubwa ni kuifuta habari yenyewe uliyotumwa kuileta.

Bei zitakosekana. Duka limefungwa, mzigo haujafika. Wanaoanza huirudia bei ya mwezi uliopita, na hili ndilo kosa ninaloliona kuliko yote. Tazama linachofanya: bidhaa ilikuwa 100, ikakosekana miezi mitatu, ikarudi ikiwa 106. Ukirudia 100 kila mwezi, fahirisi itaonyesha utulivu wa miezi mitatu halafu mruko wa asilimia 6 kwa mwezi mmoja, ilhali bei za wenzake zilikuwa zikipanda polepole muda wote. Badala yake, angalia vituo vingine vyenye bidhaa hiyo. Kama kwa wastani vimepanda kwa asilimia 2, zidisha bei ya mwisho ya kituo kilichokosekana kwa 1.02 na uiwekee alama kwamba ni makadirio. Bei halisi ikirudi, ishike nafasi yake.

Bei inayopangwa na mamlaka, na unayo hakika kwamba haijabadilishwa, unaweza kuirudia. Hiyo tu.

Bidhaa za msimu hufuata mantiki ile ile: zikitoweka, ziendeshwe na mwenendo wa bidhaa za kundi lake hadi msimu urudi.

Hatua ya 7: Bidhaa ikitoweka kabisa au ikibadilika

Hii ndiyo hatua ngumu kuliko zote. Simu ya modeli uliyoifuatilia imeondoka sokoni, mpya inauzwa ghali zaidi. Je, bei imepanda, au kitu kimekuwa bora? Njia ziko tatu.

Kama mbadala una ubora ule ule, linganisha moja kwa moja. Tofauti yote ni badiliko la bei.

Kama vyote viwili vilikuwa sokoni mwezi mmoja, tumia mwezi huo kama daraja. Cha zamani 120, kipya 150, siku zile zile: chukulia tofauti ya 30 kuwa ni ya ubora, funga hesabu ya cha zamani, na kuanzia hapo fuata mabadiliko ya kipya.

Kama havikukutana sokoni, inabidi ukadirie thamani ya ubora. Tofauti ikiwa ya ujazo, gawanya kwa ujazo. Ikiwa ni kifaa kilichoongezwa, tafuta kifaa hicho kinauzwaje peke yake. Kwa kompyuta na simu, ofisi zenye uwezo hutumia milinganyo inayohusisha bei na sifa kama kumbukumbu na ukubwa wa skrini.

Uzito wa jambo hili ulionekana Marekani mwaka 1996, tume iliyoongozwa na Michael Boskin ilipokadiria kwamba fahirisi ya nchi hiyo ilikuwa ikizidisha mfumuko kwa takriban pointi 1.1 za asilimia kwa mwaka, na zaidi ya nusu ya hiyo ilitokana na ubora na bidhaa mpya. Wapo waliolipinga kadirio hilo, lakini baada yake marekebisho mengi yalifanyika.

*Onyo:* kosa la upande wa pili lipo pia. Watengenezaji wengi husubiri modeli mpya ndipo wapandishe bei. Ukiiita tofauti yote "ubora", umeuficha mfumuko wa kweli.

Hatua ya 8: Kokotoa fahirisi ya bidhaa moja

Sasa lahajedwali. Chukua sabuni yetu katika vituo vinne. Bei za kizio ni 100, 120, 90 na 110. Bei za sasa ni 110, 120, 99 na 121. Gawa ya sasa kwa ya kizio, kituo kwa kituo: 1.10, 1.00, 1.10, 1.10. Zizidishe zote pamoja upate 1.331, kisha tafuta kipeuo cha nne cha jibu hilo: 1.074. Fahirisi ya sabuni ni 107.4. Huu ni wastani wa kijiometri, uliotetewa na William Stanley Jevons katika miaka ya 1860. Lahajedwali nyingi huufanya kwa fomula ya GEOMEAN.

"Kwa nini nisijumlishe nigawe kwa nne?" Jaribu mfano huu. Kituo cha kwanza bei imetoka 100 kwenda 200. Cha pili imetoka 200 kwenda 100. Bei zimebadilishana nafasi tu. Uwiano ni 2.0 na 0.5. Wastani wa kawaida ni 1.25, eti bei zimepanda kwa robo! Wastani wa kijiometri ni 1.00. Huko Uingereza, fahirisi ya zamani iitwayo RPI ilivuliwa hadhi ya kuwa takwimu ya taifa mwaka 2013, na sababu kubwa ilikuwa kutumia wastani huu wa kawaida wa uwiano katika sehemu ya bidhaa zake.

Hatua ya 9: Unganisha bidhaa kwa uzito

Ukishapata fahirisi za bidhaa, unapanda juu: bidhaa hadi fungu dogo, fungu dogo hadi fungu kuu, hadi taifa. Fomula ya kawaida ni ya familia ya ile iliyopendekezwa na Mjerumani Étienne Laspeyres mwaka 1871: kikapu kinabaki kile kile, bei ndizo zinazotembea.

Chukua nchi ya mazoezi yenye vitu vitatu. Sabuni ina uzito wa 20 na fahirisi 107.4. Umeme una uzito wa 30 na fahirisi 100.0. Nauli ina uzito wa 50 na fahirisi 104.0.

Zidisha kila fahirisi kwa uzito wake, gawa kwa 100: 21.48, 30.00 na 52.00. Jumla ni 103.48, yaani 103.5. Ungesahau uzito ungepata 103.8, na sabuni ingekuwa na nguvu sawa na nauli.

Ukitaka kujua nani kasukuma, ondoa 100 kwenye kila fahirisi, zidisha kwa uzito, gawa kwa 100: sabuni pointi 1.48, umeme 0, nauli 2.00. Sabuni ndiyo iliyopanda sana, lakini nauli ndiyo iliyosukuma zaidi. Hili ndilo jibu la yule anayeuliza kwa nini kitu kimoja kimepanda sana na taifa halijashtuka.

*Onyo:* hesabu hii fupi ya mchango inafaa tu pale unapolinganisha na kipindi cha kizio, kila kitu kikiwa 100. Ukilinganisha na mwaka jana, uzito wa kila fungu uzidishwe kwanza kwa fahirisi yake ya mwaka jana na ugawanywe kwa fahirisi ya jumla ya mwaka jana.

Hatua ya 10: Pata mfumuko wa bei

Mfumuko wa mwaka ni fahirisi ya mwezi huu ikigawanywa kwa ya mwezi kama huu mwaka jana, toa 1, zidisha kwa 100. Tuseme sasa ni 124.3, mwaka jana 118.4. Jibu ni asilimia 5.0. Wengi huondoa tu 118.4 kutoka 124.3 na kutangaza "asilimia 5.9". Hizo ni pointi za fahirisi; asilimia ni kitu kingine.

Mfumuko wa mwezi hulinganisha na mwezi uliopita: 124.3 kwa 123.9 ni asilimia 0.3. Usiichanganye na ule wa mwaka katika sentensi moja bila kutaja ni upi.

Na lile swali la kwanza kabisa? Bei zikipanda kwa asilimia 10 mwezi mmoja, kisha zikatulia pale pale, mfumuko wa mwaka utasomeka 10 kwa miezi 12. Mwezi wa 13 utasomeka 0. Hakuna kilichoshuka, ule mruko umetoka tu kwenye dirisha la ulinganisho. Mfumuko kushuka maana yake bei zinapanda kwa kasi ndogo kuliko awali. Bei zenyewe hushuka pale tarakimu inapokuwa hasi.

Ofisi nyingi hutoa pia mfumuko usiojumuisha chakula na nishati, kwa kuwa bei hizo huyumba. Unaifaa benki kuu inayotaka kuona mwelekeo. Usiutumie kumwambia mwananchi gharama zake, maana yeye anakula na anapika.

Hatua ya 11: Tangaza

Siku iwe imepangwa mapema, na wote wapate kwa wakati mmoja. Toa fahirisi, mfumuko wa mwezi na wa mwaka, mafungu yote, uzito, na maelezo ya njia. Argentina inaonyesha kinachotokea kazi hii ikiingiliwa: kuanzia 2007 takwimu zake za bei zilipoteza kuaminika baada ya serikali kuingilia ofisi ya takwimu, na Februari 2013 Shirika la Fedha la Kimataifa likatoa karipio rasmi dhidi ya nchi hiyo kwa ubora wa data. Mishahara, pensheni na mikataba ya pango hufungwa kwenye tarakimu hii. Anayeichezea anagusa mifuko ya watu.

Hatua ya 12: Kikapu kikibadilishwa, unga mfululizo

Usianze upya kana kwamba historia haikuwepo. Tuseme mfululizo wa zamani ulikuwa 138.6 Novemba na 140.0 Desemba, na mpya unaanza Desemba ikiwa 100. Kiungo ni 100 gawa kwa 140, yaani 0.7143. Zidisha tarakimu zote za zamani kwa kiungo hicho. Novemba inakuwa 99.0. Angalia: 140.0 kwa 138.6 na 100 kwa 99.0 zote zinatoa ongezeko la asilimia 1.0. Ngazi imebadilika, kasi imebaki.

Mambo yakienda kombo

*Fahirisi imeruka ghafla.* Anza na michango ya hatua ya 9. Shuka kutoka fungu hadi bidhaa hadi kituo. Mara nyingi utakuta sifuri imeongezwa, au kilo imeandikwa gramu.

*Bidhaa haibadiliki miezi nenda miezi rudi.* Chunguza kama ni bei ya mamlaka au ni mdadisi anayenakili. Tuma mtu mwingine akaikague.

*Michango haifikii jumla.* Uzito haujumliki 100, au umetumia uzito wa kizio kulinganisha na mwaka jana.

*Nimekokotoa kutoka tarakimu zilizotangazwa, nimepata tofauti ya 0.1.* Ni kukadiria desimali. Ofisi inakokotoa kwa desimali nyingi na kutangaza moja. Tofauti ikizidi hapo, tafuta kosa.

*Ukiunga mfululizo, fahirisi ya taifa hailingani na wastani wa mafungu yake.* Ni kawaida kabisa kwa tarakimu za nyuma ya kiungo, kwa kuwa kila fungu lina kiungo chake. Iache, na uieleze kwenye taarifa.

*Wananchi wanasema tarakimu hailingani na maisha yao.* Wasikilize. Linganisha kikapu chao na cha taifa: anayesafiri sana ana uzito mkubwa wa nauli, mpangaji ana uzito mkubwa wa pango. Mpe mtu huyo lahajedwali ya hatua ya 9, aweke uzito wake mwenyewe akitumia fahirisi za mafungu zilizotangazwa. Kama wengi wa eneo moja wanalalamika kuhusu bidhaa moja, kagua vituo vya eneo hilo, huenda ununuzi umehamia mahali usipofika.

*Umegundua kosa baada ya kutangaza.* Kwa kuwa mikataba hutegemea tarakimu hii, nchi nyingi hazirekebishi fahirisi ya mlaji kila mara kama zinavyofanya kwa pato la taifa. Fuata kanuni iliyo kwenye daftari la maamuzi: kosa dogo chini ya kiwango kilichowekwa lirekebishwe kuanzia mwezi unaofuata. Kubwa zaidi ya hapo, toa tarakimu sahihi hadharani siku hiyo hiyo, ukionyesha ya zamani, mpya, na chanzo cha tofauti.